Tuliipima hisa kwa mahamri

Hii habari nimekaa nayo muda mrefu, sasa wacha niiandike. Naona vijana siku hizi wanunua hisa kwa simu, wafungua makundi yao ya WhatsApp, bei ikishuka wachekeshana mpaka usiku wa manane, na mimi nikiona vile moyo wanienda mbio kwa sababu kicheko kile nakijua, nlikuwa ndani yake miaka minne mizima. Na sisemi kucheka ni vibaya. Kile kicheko kilitubeba wallahi, kuna watu katika kundi letu bila utani wa baraza sijui wangeishia wapi. Lakini kuna siku mzaha wangu mimi ulimzuia mtu kuokoa pesa zake, na hilo halijanitoka hadi leo.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Ilikuwa kubwa, hisa zake zauzwa pale soko la hisa Nairobi, tangazo lake la redio hata mtoto mdogo alikuwa aliimba. Nlinunua hisa 4,000 kwa shilingi 21 moja, hesabu yake 84,000 ukiacha ada ya broka, yule dalali wa kununua na kuuza hisa. Zilikuwa pesa za zamu yangu ya chama pamoja na akiba kidogo ya kazi yangu ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini. Sikusoma ripoti hata moja. Nliambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa.

Baraza letu liko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, la mawe, limelainika kwa makalio ya watu walioketi hapo kabla hata babangu hajazaliwa. Baada ya isha muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, mwamsikia kabla hamjamwona. Tulikuwa watu sita saba hivi tuliokuwa na hisa za kampuni ileile, kwa sababu mambo haya huambukizana. Kulikuwa na Mwalimu, mstaafu, aliyetia pesa nyingi kuliko sisi sote, karibu laki mbili. Kulikuwa na Ami, baharia wa zamani, na fundi wa friji ambaye duka lake liko Mwembe Tayari. Na kulikuwa na Bi mmoja jirani, mjane, ambaye barazani haketi lakini kwenye kundi la WhatsApp alikuwemo, tena alikuwa mwepesi wa kuandika hahaha kuliko mtu yeyote.

Ili muelewe kwa nini tuliganda na hisa zile lazima nirudi 2008. Mwaka ule Safaricom, kampuni ya simu, ilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5 hisa moja, cha chini hisa 2,000, yaani uwe na shilingi 10,000 mkononi, watu walikopa, watu walipanga foleni juani, jirani yetu mmoja aliuza bangili zake. Mapema 2009 bei ikawa iko chini ya shilingi 3 na wengi wakauza kwa hasira. Wale waliotulia, kufikia 2015 bei ilikuwa karibu mara tatu ya ile waliyonunulia na gawio, ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, walikuwa wameshakula mara kadhaa. Basi somo mji mzima uliloshika ni moja tu, usiuze, vumilia. Ami naye alikuwa akileta habari ya Uchumi, ile supamaketi iliyofunga milango 2006 na hisa zake zikasimamishwa kisha 2011 zikarudi sokoni, akisema mwaona, maiti hufufuka. Hakuna aliyetukalisha chini akatwambia kwamba Safaricom bei ya hisa ilishuka lakini biashara yenyewe ilikuwa yaingiza pesa kila siku, watu hawakuacha kununua kredo ati kwa sababu hisa iko chini. Ya kwetu ilikuwa na maradhi mengine kabisa na sisi tukaipa dawa ya jirani.

Bei ilipoanza kuteremka ndipo utani ukaanza. Ami ndiye aliyeanzisha kipimo. Tulipokuwa kwenye 21 alisema hisa moja ni sahani ya viazi karai. Ilipofika 10 akatangaza, leo ni kikombe cha kahawa na kashata yake. Ikafika 5, hamri moja, bila mbaazi. Ikawa hakuna anayetaja shilingi tena, mtu apita barabarani auliza "leo bei gani?" na jibu linatoka barazani, "hamri na nusu yakhe, nusu tumempa paka". Watu wapita njia walikuwa wasimama kucheka na sisi.

Mimi naamini kile kipimo kilikuwa na kazi yake, na kazi nzuri. Mwanamume wa hapa kwetu ni vigumu kusema mbele ya wenzake, nimepoteza elfu hamsini, nimepoteza ada ya mtoto, nyumbani sijasema. Lakini kusema "mie leo nimebaki na sinia la mahamri" aweza, na wenzake wote washapiga hesabu kimoyomoyo wakajua ana hali gani. Mara mbili nakumbuka mtu alisema mzaha wa aina hiyo usiku na asubuhi yake Mwalimu alikuwa mlangoni kwake na kilo mbili za unga, hakusema kwa nini, na mwenyewe hakuuliza. Hilo utani uliweza. Maneno ya kawaida yasingeweza.

Halafu likaja lile tangazo. Sheria ya soko ni kwamba kampuni ikijua faida yake ya mwaka itapungua kwa asilimia 25 au zaidi ukilinganisha na mwaka uliopita, lazima itoe onyo hadharani. Ikatoka kwenye gazeti, onyo la faida. Fundi akasoma akauliza kwa sauti, jamani, faida yenyewe hatujaiona, yaonywa vipi? Tulicheka mpaka mwenye kahawa akaweka dele chini. Na tukaenda kulala. Tangazo rasmi, limeandikwa, limetiwa sahihi, latwambia kampuni yaumwa, na sisi tulilipokea kama kichekesho kisha tukalala. Nikikumbuka hapo husononeka kweli.

Mwaka huohuo Mwalimu alipanda basi la usiku kwenda Nairobi kwenye mkutano wa mwaka wa wenye hisa. Kila mtu alitoka na fulana, mwavuli wenye nembo ya kampuni, soda na boksi la chakula. Alirudi, akasimama mbele ya baraza, akaufungua ule mwavuli polepole kama bwana harusi, akasema huu ndio mwavuli wa laki mbili, mvua ya shilingi hamsini isiuguse. Basi. Mwavuli ukawa hadithi, kila mvua ikinyesha watu wamuuliza Mwalimu kama laki mbili zavuja. Miaka miwili baadaye ndipo aliponambia, tukiwa wawili tu, kwamba kule mkutanoni aliinua mkono akauliza kuhusu mikopo ya benki, lini yalipwa na kwa pesa ipi, akajibiwa maneno marefu ambayo mwisho wake hayakuwa na tarehe wala kiasi, akaketi. Nikamuuliza mbona hukutwambia? Akanyamaza kidogo akasema, nilipofika mlikuwa mwangoja kucheka.

Neno lile liliniingia. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu akija na habari nzito alikuwa lazima aivike nguo ya kuchekesha ndipo apewe nafasi, na swali la deni halikuwa na nguo ya kuivaa. Baadaye nlipokaa nikafikiri nikaona tulifanyia mzaha kila kitu, bei, wakurugenzi, gari la mwenyekiti, boksi la chakula, sisi wenyewe, ila deni. Deni hakuna aliyewahi kulitolea hata utani mmoja. Na ndilo lililoua kampuni.

Sasa nije kwa fundi.

Bei ilikuwa 7.50. Fundi alikuwa na hisa 5,000 alizonunua kwa 18, kwa hivyo hasara ilikuwa tayari kubwa, lakini zikiuzwa zilikuwa zampa 37,500. Alikuja barazani ile jioni akiwa na karatasi, ameandika hesabu kwa kalamu ya risasi. Kulikuwa na jamaa Majengo auza tuktuk iliyotumika na yuko tayari kupokea deposti ya elfu thelathini na tano, zilizobaki alipwe mwezi kwa mwezi. Fundi alitaka mpwa wake aiendeshe. Alikuwa amepiga hesabu mpaka ya mafuta na ya bima, nliiona karatasi mimi, ilikuwa hesabu safi kuliko kitu chochote sisi wengine tulichowahi kuandika kuhusu pesa zetu. Akasema kwa upole, mimi naona niuze kesho, nipate nilichopata.

Na mimi, mbele ya watu wote, nikasema: "Mleteeni boya fundi, ataka kuruka jahazini na maji yako magotini!"

Baraza likapasuka. Boya ni lile la kuelea, lakini mwajua vijana neno hilo walitumia kwa mtu aliyezubaa, basi lilichekesha mara mbili. Fundi naye alicheka. Akaikunja ile karatasi mara mbili, kisha mara nne, akaitia mfuko wa shati. Wiki nzima alikuwa akipita aitwa Boya. Na hakuuza.

Hakunambia kwamba hakuuza kwa sababu yangu. Mimi ndiye nasema. Nlimwona vile alivyoikunja karatasi. Mtu mzima, mwenye hesabu iliyonyooka, alibaki kwenye kitu kibovu kwa sababu kutoka kungemfanya awe wa kwanza kutoka, na mimi ndiye nliyehakikisha kwamba wa kwanza kutoka atachekwa. Hivi ndivyo mzaha ulivyotufunga bila sisi kujua. Tukicheka pamoja tulikuwa sawa, hakuna mjinga wala mwerevu, sote tuko kwenye hamri moja. Atakayeuza ametuvunjia usawa ule, kama kwamba amesema nyinyi endeleeni kupotea. Kwa hivyo tulimchapa kwa kicheko, na tulimwita ndugu tukimchapa.

Kule sokoni bei ya hisa moja kwa kawaida haiwezi kusonga zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja, kwa hivyo haikuanguka kwa kishindo, ilikuwa yapwa kama bahari, waona mchanga waongezeka lakini bado wasema maji yapo. Ilipofika shilingi 2 na senti, fundi alikwenda kwa broka kimyakimya kuweka oda ya kuuza. Ikakaa. Wauzaji walikuwa msururu, mnunuzi hakuna. Watu wengi hawalijui hili, waona bei imeandikwa wadhani hiyo pesa ipo, kumbe bei ni ya mtu wa mwisho aliyepata mnunuzi, wewe huenda usimpate.

Kisha siku moja mchana, hisa zikasimamishwa kuuzwa, na wiki chache baadaye benki iliyokuwa yaidai kampuni ikaweka msimamizi wa kuishika. Usiku ule baraza lilijaa kuliko kawaida, hata wasiokuwa na hisa walikuja, kama msibani. Kimya. Mwalimu ndiye aliyevunja kimya, akasema, "Zimesimamishwa? Alhamdulillahi, angalau hazishuki tena." Na tukacheka, na mimi nakwambia kicheko kile kilikuwa cha kweli, tulikihitaji, kuna watu walikuwa wapangusa macho na sio yote yalikuwa ya kucheka. Kijana mmoja akasema basi tuisomee hitma. Hapo Ami akakunja uso, akasema hitma si ya kuchezea, kuna watu tumewazika kweli. Kila mtu akakubali. Nampenda Ami kwa hilo, alijua mpaka uko wapi. Mimi wangu nliupita zamani.

Kwenye simu nako mizaha ikaendelea mpaka saa sita, picha za majeneza, mwavuli wa Mwalimu, kila kitu. Ndipo Bi akaandika. Yeye aliyekuwa wa kwanza kwa hahaha. Aliandika tu: "Wanangu, zangu zilikuwa mafao ya marehemu." Hakuna aliyejibu. Ile simu ilikaa kimya nikaiangalia mpaka taa ya kioo ikazima. Kumbe hahaha zile zote alikuwa aitikia kwa adabu, kama mtu anavyoitikia hodi.

Asubuhi nlikwenda kwake. Nliona nisipokwenda sitaweza kupita ule mtaa tena. Tukaketi na zile karatasi, stetimenti ya akaunti ya CDS, ile inayoonyesha hisa zako, na yale matangazo ya gazeti, nikamweleza nilichokuwa nimekisoma usiku kucha. Kwamba chini ya sheria ya ufilisi ya 2015 msimamizi kazi yake ya kwanza ni kujaribu kuiokoa kampuni, na ikishindikana mali huuzwa na pesa zina foleni yake: benki zenye dhamana juu ya mali, gharama za kazi yenyewe, mishahara ya wafanyakazi na kodi kwa mpango wake, halafu wanaodai bila dhamana kama walioleta bidhaa kwa mkopo, na wenye hisa, yaani sisi, mwisho kabisa. Akauliza, "Na mwisho hufikiwa?" Nikamwambia Bi, mara nyingi pesa huisha kabla. Alikuwa amesikia kuna mfuko wa fidia wa wawekezaji, unaolipa hadi shilingi 50,000. Upo, lakini ni wa mtu ambaye broka wake ameshindwa kumlipa, sio wa kampuni iliyofilisika. Alikunja karatasi zake akazirudisha kwenye bahasha ya kaki, akanitilia chai. Akasema afadhali nijue. Miaka minne nimecheka naye na ile ilikuwa mara ya kwanza mimi na yeye kuzungumza kuhusu pesa zake.

Nliichukua na ripoti ya mwaka ya zamani, ile ya kabla ya onyo la faida, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Sihitaji kuwa mhasibu. Kuna ukurasa una madeni ya kulipwa ndani ya mwaka mmoja na una mali inayoweza kuwa pesa ndani ya mwaka mmoja, na ile ya kwanza ilikuwa karibu mara mbili ya pili. Ilikuwa hapo. Imechapishwa. Wakati ule bei ilikuwa bado 16.

Januari 2025 hisa za Kenya Airways ziliporudi sokoni baada ya kusimamishwa tangu Julai 2020, kundi letu la zamani lilifufuka, meseji ishirini kwa asubuhi moja, mwaona, na yetu itarudi, tayarisheni viazi karai. Niliandika kwa mara ya kwanza bila mzaha. Nikasema ile ndege zake bado zaruka, na serikali imo ndani, yetu milango imefungwa na mitambo imeuzwa. Wengine hawakupenda, mmoja alitoka kwenye kundi. Sikumwita. Lakini wawili walinipigia pembeni kuuliza kuhusu hisa nyingine walizonazo, na tukasoma ripoti pamoja kwa simu, ukurasa kwa ukurasa.

Kwa fundi nilichelewa kwenda. Kila tuktuk ikipita barazani kulikuwa na mtu wa kusema "fundi, hiyo yako", mpaka nikakataza, nikasema huo utani ulikuwa wangu na nimeuondoa. Lakini kukataza si kuomba radhi. Mwezi uliopita ndipo nikaenda dukani kwake Mwembe Tayari, saa tisa, jua kali, nikamkuta yuko chini nyuma ya friji kubwa ya muuza samaki. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ile siku ya boya. Nikamwambia yote, karatasi, hesabu yake, kwamba hesabu ilikuwa sahihi na mimi nikawafanya watu wamcheke. Hakutoa kichwa. Akasema, "Nlikuwa na akili zangu yakhe. Shika hii tochi."

Nikashika. Akachanganya sabuni na maji kwenye kopo, akapaka povu kwenye paipu ya shaba, kiungo kimoja baada ya kingine, tukangoja kuona mapovu yatafura wapi. Ilichukua muda. Alipopata pale gesi ilipokuwa yatoka aliniita nikaangalia, tundu dogo hata jicho halilioni. Tulimaliza karibu na magharibi. Akanawa mikono, akasema ile tuktuk jamaa alimuuzia mtu wa Likoni, bado yatembea, yeye huiona.

Usiku tulikuwa barazani. Mtu akapita akauliza kama zamani, leo bei gani? Wote wakaniangalia mimi. Nikamwangalia fundi.

Fundi akasema, "Haina bei. Mimina kahawa."